Mistari Kumi na Minne Angani

Jumatatu, 3 Machi

Hili ni daftari la kazi, si la mapenzi, kwa hiyo atakayeliokota asijisumbue kutafuta utamu. Nimepewa leo na shangazi, pamoja na kalamu aliyoifunga kamba, kana kwamba mimi ndiye mwizi wa kalamu mjini. Akasema:

"Bingwa, chochote utakachoifanyia picha, andika humu. Tarehe, umevuta nini, umepunguza nini. Ukiharibu, tujue umeharibia wapi."

"Shangazi, mimi siharibu."

"Ndiyo maana nimechagua lenye kurasa mia mbili."

Shangazi huyu ni dada yake baba. Studio ni yake: chumba cha mbele cha kupigia picha, chumba cha nyuma chenye kompyuta, mashine ya kuchapa ndefu kama jeneza, na mimi. Bingwa si jina langu, ni kejeli yake, lakini nimeizoea na sasa nageuka nikiitwa. Shule niliiacha katikati, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, bado tunabishana. Ila kwa macho sijambo. Macho yangu yanaona vumbi kwenye picha kabla vumbi lenyewe halijajua limetua.

Kazi ya msimu huu ni moja tu, na ni kubwa. Hospitali mpya inafungua ukumbi wa kusubiria wagonjwa mvua zikiisha, na wanataka picha ya mita nne ukutani. Shangazi amepeleka picha yake ya kilima cha nyuma ya mji, alfajiri, aliyoipiga miaka tisa iliyopita. Haiwezi kupigwa tena. Kilima kimeshaliwa na machimbo ya kokoto, kimebaki shimo. Wamesema sampuli ikiwa safi, ukuta ni wake. Isipokuwa safi, kuna bwana wa mtaa wa pili ambaye ameshapeleka picha ya waridi moja kubwa jekundu lenye matone ya maji. Waridi la plastiki. Namjua anayemuuzia.

Shangazi amesema hivi, nanukuu: "Katika maisha yangu nimepiga pasipoti za mji mzima. Ile ndiyo picha yangu."

Basi. Kazi kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeifungua. Robo tatu ni anga, chini kabisa kilima, kimelala kama mtu aliyevuta shuka. Nzuri kweli. Ila buluu imezidi, anga limekuwa kama sare ya shule. Nimepunguza buluu, vipimo nane. Nimesevu. Sikumwambia. Picha ni yake, na mimi mtu mwenye adabu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza rasmi, kwa fujo.

Nimechapa sampuli ya kwanza, ukubwa wa meza. Ikatoka nzuri, nikaitundika, nikarudi nyuma hatua tatu nijipongeze, nikakuta mistari. Si mistari ya wino. Anga halipandi taratibu kutoka mwanga wa kilimani hadi giza la juu kama anga la watu. Linapanda kwa vidaraja. Mkanda wa buluu hii, unaisha ghafla, unaanza mkanda wa buluu ile, kama alama zinazobaki kwenye beseni maji yakipungua. Nimehesabu saba.

Nikamwita shangazi.

"Mistari gani?"

"Hii hapa, shangazi. Na hii. Na hii."

Akaisogeza karatasi mpaka puani, akaipeleka mbali, akaguna. "Ni mashine hiyo. Mwite fundi."

Ijumaa, 7 Machi

Buluu imezidi tena. Nilipunguza, nina hakika. Nadhani nina hakika. Nimepunguza nane nyingine.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amekuja na sanduku lake la bisibisi na maneno yake. Fundi huyu anatengeneza mashine za kuchapa nusu ya mji na hajawahi kuingia mahali bila kutukana aliyepita kabla yake.

"Nani alifungua mfuniko huu?"

"Wewe, mwezi uliopita."

"Alifungua vizuri," akasema.

Nikamweleza nilichokwisha kufanya: nimesafisha vichwa vya wino, nimebadilisha karatasi, nimefuta kioo cha kompyuta, nimesafisha na lenzi ya kamera.

"Lenzi?" Fundi akaweka bisibisi chini. "Picha ilipigwa lini?"

"Miaka tisa."

"Na wewe umesafisha lenzi juzi." Akacheka mpaka akashika mashine asianguke. "Shangazi! Huyu mtoto akikufia utapata wapi mwingine?"

Nimeandika hapa kwa sababu daftari linataka ukweli. Baadaye akachapa karatasi yake ya majaribio, yenye kijivu kinachoanzia nyeupe kwenda nyeusi. Ikatoka laini, hakuna mstari hata wa dawa.

"Mashine nzima. Ugonjwa uko kwenye picha."

"Picha ilikuwa safi," shangazi akasema kutoka mlangoni. "Naijua picha yangu."

"Basi muulize mwenyewe," fundi akasema, akaninyooshea kidole mimi, ambaye sijaumba anga lolote.

Jumatano, 12 Machi

Mistari tisa. Buluu imepanda tena. Nimepunguza sita.

Alhamisi, 13 Machi

Umeme hakuna. Nimefagia.

Jumatatu, 17 Machi

Sielewi. Naandika wazi, sielewi, na mimi neno hilo silitumii ovyo.

Nikiondoka jioni anga liko sawa, buluu ya alfajiri, yenye usingizi kidogo. Nikifika saa tatu asubuhi limeshakuwa sare ya shule. Na kila siku mistari inaongezeka. Leo kumi na moja. Nimetafuta virusi, kompyuta ikasema haina. Ndiyo, mgonjwa atasema nini.

Kila jioni shangazi ananiambia nimsomee daftari. Hasomi mwenyewe, eti mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino. Namsomea, lakini zile za buluu naziruka. Leo nimemsomea: "Nimeshughulikia anga."

"Umelishughulikiaje?"

"Kitaalamu."

Akaniangalia, au akaangalia upande niliokaa. "Bingwa, anga langu usilichezee."

Jumatano, 19 Machi

Amekuja karani wa hospitali, mama mmoja mwembamba, mwavuli umelowa, viatu vikavu, sijui anafanyaje. Ndiye anayesimamia vitu vya ukutani. Tukamwekea sampuli mezani. Akaikagua bila kuifuta miwani matone ya mvua.

"Hiki kilima kizuri. Nilipanda pale nikiwa msichana." Kisha kidole chake kikaanza kupanda angani, kikawa kinasimama, kinapanda, kinasimama. "Lakini hili ni anga au ngazi?"

Mimi nikatazama dari. Shangazi akasema, "Ngazi?"

"Mistari, dada. Watu wanakaa pale saa mbili tatu wakisubiri kuitwa. Hii wataihesabu. Ukiwa na mgonjwa ndani hutaki kitu cha kuhesabu." Akasema kwa upole, na hilo ndilo baya zaidi. "Nileteeni safi kabla ya tarehe kumi na nne Aprili. Isipopatikana, nina waridi la yule bwana, na mimi waridi lile silipendi."

Alipotoka, shangazi alibaki ameishika sampuli. Nikasubiri anigombeze. Hakunigombeza. Akauliza polepole, "Mistari mingapi?"

"Kumi na minne, shangazi."

"Kumi na minne," akasema, kama mtu anayejifunza namba ya simu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimetumia akili. Ijumaa jioni nilichukua vipimo vyote vya rangi nikaviandika mkononi, kwa kalamu, siyo hapa, kwa sababu kwa sasa siamini hata daftari. Leo asubuhi nikalinganisha. Buluu imepanda kumi na mbili. Na faili inasema imeseviwa mara ya mwisho leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kompyuta haiamki yenyewe saa kumi na mbili na nusu. Funguo za studio ni mbili. Moja ninayo mimi, na mimi saa hizo niko kwenye ndoto ya tatu.

Jumanne, 25 Machi

Nimeamka mapema, mama akauliza kama naumwa.

Saa kumi na mbili na robo nilikuwa nje ya dirisha la nyuma, kichwani nimejifunika mfuko wa saruji kwa mvua. Taa inawaka. Shangazi amekaa kwenye kompyuta, miwani ameipandisha juu ya paji la uso, na pua yake iko kwenye kioo kabisa, ungesema anainusa. Anga liko wazi mbele yake. Mkono uko kwenye kipanya. Anavuta buluu. Anasogea nyuma, anasogea mbele, anavuta tena. Akasevu.

Yaani ni yeye.

Sikuingia. Nimezunguka sokoni mpaka saa tatu, nikaingia nikasema shikamoo kama kawaida. Akaitikia marahaba kama kawaida. Tunajuana kweli!

Jumatano, 26 Machi

Nimejaribu kulitafakari na kila njia linatoka baya. Anaharibu picha yake mwenyewe ili iwe mimi nimeharibu? Kwa nini? Angetaka kunifukuza angenifukuza tu, sina hata mkataba, nina undugu. Au ananipima? Au anataka karani alaumu kijana, siyo mwenye studio?

Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba shangazi yangu hana mfano. Leo sina hakika mfano huo ni wa nini.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeongea naye maneno sita siku nzima. Manne yalikuwa "sijui".

Jumatatu, 31 Machi

Leo nitaandika sana, na sitamsomea mtu.

Nilikuja na mpango wa kumkomoa. Nilichapa karatasi moja ya buluu tupu, rangi moja kutoka juu hadi chini, haina kilima, haina wingu, haina mstari wala mwanzo wa mstari. Nikaikata sawasawa na sampuli. Mpango wangu ulikuwa huu: nimwekee, nimwambie hii ndiyo mpya, aseme "lakini kilima kiko wapi?", nami nijibu, "Kimeliwa na anayeamka saa kumi na mbili." Nilikuwa nimelifanyia mazoezi hilo jibu njiani. Nilicheka peke yangu.

Nikaiweka mezani karibu na dirisha. Mvua nje, chumba kizima rangi ya maji ya vyombo.

"Shangazi, sampuli mpya. Hebu niambie mistari imebaki mingapi."

Akaja, akainamia karatasi. Akapitisha mkono juu yake kutoka chini kwenda juu, kama karani alivyofanya. Nikawa nimeubana mdomo nisicheke.

"Bado ipo," akasema.

"Mingapi?"

"Si ni ile ile? Kumi na minne."

Nilisubiri acheke. Nilifikiri ameniwahi, ametambua mtego na sasa ananigeuzia. Lakini uso wake ulikuwa na juhudi, kama mtoto anayesoma neno gumu mbele ya darasa.

"Na kilima?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Mdomo wangu una mwenyewe.

"Kilima kimetoka vizuri. Kimelala."

Basi lile jibu langu la njiani likapotea. Nikashika karatasi ile nikaikunja, ikawa ndogo, ndogo zaidi. Yeye akasikia sauti ya kukunja.

"Mbona unaikunja?"

"Imeharibika."

"Bingwa."

"Naam."

"Ile karatasi ilikuwa na nini?"

Nimedanganya walimu sita na baba mmoja bila kupepesa. Leo nikashindwa. "Haikuwa na kitu, shangazi. Ni buluu tu."

Akavuta stuli akakaa. Kisha akasema, "Tangu lini unanipima?"

"Sikukupima, nilitaka kukutania. Nilikuona Jumanne, asubuhi. Unavuta buluu. Nikasema unaniharibia."

"Mimi nakuharibia?" Akainua kichwa. "Wewe ndiye kila siku unaliacha anga langu rangi ya chai! Nikija asubuhi nakuta chai. Nikasema mtoto bado anajifunza, nisimkatishe tamaa, nitarekebisha mwenyewe kimyakimya."

"Na mimi nikasema picha ni ya mtu mzima, nisimsahihishe usoni."

Tukatazamana. Yaani mimi nilimtazama.

"Kwa hiyo karibu wiki nne," akasema, "wewe unashusha, mimi napandisha."

"Kwenye faili ile ile."

"Na kila mara unasevu juu yake?"

"Wewe je?"

"Na mimi." Akaweka mkono kwenye paji. "Ewe Mungu wangu. Tumelichana."

Akanieleza, na maelezo yake yameingia kuliko ya shule. Faili tuliyokuwa tunaitumia ni ile nyepesi, iliyokamuliwa ili isijaze kompyuta. Faili kama ile haina buluu zote za duniani, ina vidaraja vya kuhesabika kutoka giza hadi mwanga, na anga moja linatumia vichache tu. Ukivuta, vidaraja vinaachana. Ukirudisha, havirudi vilipokaa, vingine vinapandana, vingine vinakufa. Ukivuta tena unavuta vilivyobaki. Fanya hivyo kila siku na anga linakuwa kitana kilichong'oka meno. Jicho linaona mapengo. Jicho zima, akasema.

Halafu ndipo akaniambia lile lingine. Ni mtoto wa jicho, kwenye yote mawili, kama miaka sita sasa. Anaona kama mtu aliye nyuma ya kioo cha bafuni, na kila kitu kina rangi ya chai. Nyuso za watu anazijua kwa sauti. Picha za pasipoti anazipiga kwa mazoea, kamera inajilenga yenyewe.

"Kwa nini husemi?"

"Niseme niwe nani? Fundi asiyesikia anaitwa fundi. Mpinda chuma mwenye mguu mmoja anapinda chuma. Mpiga picha asiyeona ni mama mwenye kamera. Wakijua, hata picha ya ukutani watasema ni bahati. Watasema kipofu kabahatisha."

Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa binamu yangu, bintiye, ambaye ni muuguzi na angembeba mgongoni kumpeleka kwa daktari leo leo. Nimeapa. Sijui kama nimefanya vizuri. Nilikuwa namwona kama askari wa studio, na kumbe miaka yote alikuwa analinda kitu kimoja tu, kisionekane.

Na mimi na macho yangu, yanayoona vumbi kabla halijatua.

Jumanne, 1 Aprili

Nimefika saa kumi na mbili. Hakuna aliyegusa anga.

Alhamisi, 3 Aprili

Shangazi ametoa kopo la majani ya chai lililojaa memori kadi, kila moja imefungwa kikaratasi. Kwenye moja kuna picha ya kilima yenyewe, mbichi, kama kamera ilivyoimeza. Kompyuta ilichukua dakika nne kuifungua, na ikilalamika. Ndiyo maana tulikuwa tunatumia ile nyepesi. Uvivu wa mashine, na wetu.

Ikafunguka. Imepoa, ya kijivu, haina mvuto. Nikasema, "Shangazi, hii mbaya."

"Unga nao si mkate. Una rangi gani juu ya kilima, pale mwanga unapoanzia?"

"Njano. Njano ya kuchoka."

"Panda juu yake kidogo."

"Buluu."

"Kabla ya buluu. Angalia vizuri, usinijibu haraka. Kulikuwa na kijani."

Anga la kijani! Nikamwambia kwa heshima zote kwamba anga ni la buluu, hata mimi niliyeacha shule nalijua hilo.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, umande umepita kwenye sketi, nimesubiri nusu saa. Njano ikaisha, na kabla buluu haijashika, kukawa na ukanda mwembamba wa kijani, kama ndani ya ganda la yai la bata. Vuta polepole."

Nikavuta polepole. Ikatoka. Mwembamba kweli, kijani ambacho ukikikodolea kinakimbia. Kwenye ile faili yetu hakikuwepo kabisa, tulishakiua, sijui alikiua nani, mimi au yeye.

"Kipo," nikasema.

"Najua kipo."

Tulifanya hivyo mpaka saa tisa. Yeye amekaa nyuma yangu amefumba macho kabisa, anasema alichokiona, mimi navuta mpaka kifanane na maneno yake. Tukabishana sana. Aliniambia juu pawe "buluu ya mtu aliyenyamaza", nikamuuliza hiyo inauzwa duka gani. Akanipiga na daftari. Mwisho akaniambia nitie chengachenga kidogo angani, laini kama unga uliopulizwa, maana hata anga safi la kompyuta likichapwa mita nne linaweza kutoa vidaraja, na chengachenga zinayafunika maungio. Zamani, akasema, filamu zilikuja na chengachenga zake na hakuna aliyejua ngazi ni nini.

Nimehifadhi kwa jina jipya. Mbichi haijaguswa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimechapa. Mistari: hakuna. Nimehesabu mara tatu hakuna.

Fundi alipita kuchukua koleo lake, akaitazama. "Nani kafanya?"

"Sisi."

"Sisi nani? Wewe na lenzi?"

Jumatano, 9 Aprili

Karani amekuja, viatu vikavu vilevile. Akapandisha kidole angani, na safari hii hakikusimama popote. Akakaa kwenye kiti bila kuambiwa.

"Ndiyo yenyewe. Ilikuwa na kile kijani, nilishasahau." Kisha akacheka. "Dada, leo umetuhurumia. Watu wote tunazijua picha zako kwa buluu yako. Harusi ya mdogo wangu, hata mchele ulikuwa wa buluu. Tukasema ndiyo mtindo wake, wasanii wana mambo. Lakini hii imetulia."

Mimi nikasema kwa sauti kwamba mvua leo kubwa. Hakuna aliyenijali.

"Wa buluu," shangazi akasema.

"Mzuri lakini! Mdogo wangu anaipenda."

Karani akaweka saini yake, ukuta ni wetu, na mimi nikaruka juu nikagonga taa. Shangazi alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akakaa.

"Ulikuwa unajua? Kwamba zote ni za buluu?"

"Nilidhani ni mtindo."

"Miaka sita?"

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nikasema, "Ndiyo, shangazi."

Alhamisi, 10 Aprili

Hajaja kazini. Nimepiga pasipoti nne mwenyewe. Moja imekata kichwa.

Jumanne, 22 Aprili

Shangazi ameingia leo akaning'iniza mkoba wake, akasema, "Mpigie binamu yako. Mwambie anitafutie daktari wa macho."

"Nilikuwa nimeapa nisimwambie."

"Na sasa nakufungua. Piga kabla sijageuka."

Binamu alinigombeza mimi kwenye simu robo saa. Shangazi alikuwa pembeni akitabasamu, mnafiki.

Jumatatu, 5 Mei

Picha imepanda ukutani. Watu wanne kwenye ngazi, fundi chini anatoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Shangazi alisimama katikati ya ukumbi, akauliza imekaa sawa. Nikamwambia imekaa. Akasema nimwambie kijani kiko usawa gani wa mtu aliyekaa. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikaangalia. Nikamwambia: usawa wa macho.

Jumanne, 13 Mei

Leo amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Binamu anasema limekwenda vizuri. Mvua imepungua, inanyesha kama inayokumbuka tu.

Jumanne, 20 Mei

Kumekauka. Asubuhi shangazi ametolewa kitambaa, na badala ya kwenda nyumbani kupumzika akaniambia tupitie hospitali mpya. Binamu akapiga kelele, tukaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa nusu, watu kwenye mabenchi. Akasimama mbele ya picha. Mimi nikasimama pembeni, mikono nyuma, nasubiri sifa. Sidanganyi, nilikuwa nimezipangia nafasi.

Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja. Akaangalia. Akahamisha kiganja, akafunika la kulia. Akaangalia. Akarudia, mara nyingi, mpaka mzee mmoja kwenye benchi akaanza kufanya vilevile, akidhani ni mashine ya kupimia macho.

"Kwa hili jipya ni alfajiri," akasema. "Kwa hili la zamani ni jioni."

"Ipi ya kweli?"

"Umeiweka sawa, Bingwa. Juu kidogo umezidisha ukimya."

Hizo ndizo sifa. Nimezichukua.

Tukaenda studio. Akaangalia kuta zetu, picha zake za miaka hii, maharusi, watoto, mahafali, wote wana rangi ya watu waliotolewa majini. Nikajiandaa kwa kilio. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mashine, kama fundi, na katikati ya kicheko sikuweza kujua kama bado ni kicheko.

Binamu akasema la pili daktari amelipangia wiki ijayo.

"Mwambie angoje mwezi."

"Mama, kwa nini? Hilo jingine halioni!"

"Linaona. Picha zote hizi limezitengeneza lenyewe." Alisema kama anayeeleza jambo la kawaida la kazi. "Nitalipeleka. Lakini nataka kwanza lizipitie zote, moja moja, kama lilivyoziona. Likishasafishwa, hakuna mtu mwingine duniani atakayeziona sawa."

Binamu akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Sijui nani ana haki. Naandika wazi, sijui.

Nimepanda stuli, nimeshusha boksi la kwanza, la miaka sita iliyopita, nikalipangusa vumbi. Shangazi akakaa dirishani, akafunika jicho jipya kwa kiganja, akanyoosha mkono mwingine.

"Lete," akasema. "Na usinisemeshe."